Kolajeni ya kopo, plasta ya silikoni na makovu yangu mawili: siku 90

Kopo la pili liliisha Jumapili iliyopita. Nimekunywa unga huu wa kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, siku 90 mfululizo, kijiko kimoja cha kupimia chenye gramu 10 kila asubuhi kwenye uji, na sikuruka hata siku ya safari. Kopo moja lina gramu 450 na linauzwa shilingi 85,000, kwa hiyo nimetoa 170,000. Kazini wananiuliza kama wanunue, kwenye jumuiya wananiuliza, na wengine wameshanunua tayari. Ndiyo maana nimeamua kukaa chini niandike kwa kirefu.

Jibu lenyewe ni fupi. Kwa kovu, unga huu haukunisaidia. Kilichonisaidia ni karatasi moja ya plasta ya silikoni niliyoinunua kwa shilingi 35,000 katika duka la dawa, mitaa miwili kutoka duka la unga. Lakini nataka watu waelewe kwa nini haukusaidia, maana nyumbani kwetu kuna mtu aliyekunywa unga huo huo kwa jambo ambalo halikustahili kusubirishwa hata wiki.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, upande wa histolojia, hapa Moshi, na huu ni mwaka wangu wa 14. Daktari akimtoa mgonjwa kipande kidogo cha nyama ili kipimwe, kinatufikia ndani ya formalini. Tunakitoa maji kwa alkoholi, tunakizamisha kwenye nta, kisha tunakikata kwa mashine vipande vya maikromita 3 hadi 5, vyepesi hivi kwamba ukipiga chafya umepoteza kazi ya siku nzima. Tunavielea juu ya maji ya uvuguvugu, vinatanda kama utando wa maziwa yaliyopoa, tunaviokota kwa kioo. Halafu rangi mbili: hematoksilini inayotia viini vya seli rangi ya zambarau, na eosini inayotia vilivyobaki waridi. Ile waridi iliyojaa kati ya seli na seli, yenye mawimbi kama nywele zilizochanwa vizuri, sehemu yake kubwa ni kolajeni. Nimeitazama karibu kila siku ya kazi. Kwa hiyo nilipoona neno hilo kwa herufi za dhahabu juu ya kopo, nilihisi kama nimekutana na jirani sokoni.

Makovu yangu ni ya mafuta ya sambusa. Desemba ya mwaka juzi tulipanda Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa Krismasi kama kawaida, nyumba imejaa, watoto wanakimbizana jikoni, na karai likapinduka. Mafuta yakanirukia begani upande wa kushoto na kifuani, chini kidogo ya mtulinga. Kidonda kilichukua wiki saba kufunga. Kidonda cha moto kikipita wiki tatu bila kufunga, hatari ya kovu nene inapanda sana, na nililijua hilo tangu mwanzo. Kufikia Aprili makovu yote mawili yalikuwa yameinuka, yanang'aa, magumu kama mpira wa ndala, na usiku yanawasha mpaka naamka. La kifuani lilianza kuvuka mpaka wa kidonda chenyewe. Kovu likivuka mpaka wake, hilo si kovu nene la kawaida tena, ni keloidi.

Dukani, upande wa Mbuyuni, nilihudumiwa vizuri. Hilo siwezi kuwanyima. Binti alinipa kiti, akalifungua kopo la kuonyesha, akanionjesha kwa maji.

"Dada, ngozi yako imepungukiwa na kolajeni, ndiyo maana imejikunja hivyo. Hii inaijenga upya kutoka ndani. Miezi mitatu tu."

"Na watu wa keloidi wamewahi kutumia?"

"Wengi sana dada. Keloidi, mifupa, hata uvimbe. Inalainisha."

Tuanzie hapo kwenye "imepungukiwa", maana kosa lote liko kwenye neno hilo. Keloidi haijapungukiwa na kolajeni hata kidogo. Imezidiwa nayo. Ukiiweka keloidi chini ya hadubini unakuta magogo mazito ya waridi yamelaliana ovyo, mazito kuliko kolajeni ya ngozi nzima, na seli zenyewe zimebanwa katikati. Ukitumia ile rangi nyingine inayoitia kolajeni buluu, slaidi nzima inageuka bahari. Sasa mtu mwenye nyumba iliyojaa mchanga hadi madirishani unamwambia anunue lori jingine la mchanga!

Seli za mwili hazielei hewani. Zimeshikwa na kiunzi kinachoitwa matriksi: kolajeni ndiyo fito, elastini ndiyo mpira unaorudisha ngozi ukiivuta, kuna sukari ndefu zinazoshika maji, na kuna protini kama fibronektini na laminini ambazo seli huzikamata kama mtu anavyokamata bomba la daladala. Kolajeni peke yake inakaribia theluthi ya protini zote za mwili, na aina zake zinazojulikana ni 28. Ukiungua au ukikatwa, mwili unasimamisha kwanza mirunda, kama mafundi wanaotaka kumwaga zege: damu inaganda, fibrini na fibronektini zinasokotana, na juu ya mirunda hiyo seli zinapanda. Kisha wanafika mafundi wenyewe, fibroblasti. Wanatandika kolajeni nyepesi ya aina ya 3, baadhi yao wanajigeuza na kuwa na nguvu ya kuvuta kama msuli, wanakokota kingo za kidonda zikaribiane. Wiki na miezi inayofuata ile nyepesi inakatwa na kubadilishwa kwa aina ya 1, nene na ngumu. Kazi hiyo inaweza kuendelea mwaka mzima na zaidi, na hata ikifanyika vizuri kabisa, kovu hufikia kama asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya awali.

Neno "inakatwa" nalipenda, kwa sababu watu hudhani mwili unajenga tu. Mwaka 1962 Jerome Gross na Charles Lapiere walichukua mikia ya viluwiluwi vya chura wakajiuliza: huu mkia, ambao umejaa kolajeni, unakwenda wapi kiluwiluwi kinapogeuka chura? Wakakuta kimeng'enya kinachoikata kolajeni. Ndugu wa kimeng'enya hicho wapo ndani yetu, na kovu zuri ni lile ambalo wanaojenga na wanaobomoa wanasikilizana. Kwenye keloidi wajenzi hawasikii kengele ya saa kumi. Ishara ya kuwaita kazini, inayoitwa TGF-beta, inaendelea kupigwa wakati kidonda kilishafunga siku nyingi.

Sasa, je, unga unaokunywa unafika begani? Nilifanya jaribio dogo jikoni ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Nilichemsha makongoro ya ng'ombe kwa muda wa saa tano, kama tunavyochemsha supu ya Jumapili, nikachuja bakuli moja nikaliweka kwenye friji. Bakuli la pili niliweka maji ya moto na vijiko vitatu vya unga wa kopo, nikakoroga, nikaliweka pembeni yake. Asubuhi supu ya makongoro ilikuwa imeganda, unaigeuza bakuli na haidondoki, unaigusa kwa kidole inatetemeka. Ile ya kopo ilikuwa maji. Sababu yake ni hii. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani. Moto unazifumua, na zikipoa zinajaribu kusokotana tena, zinashika maji, ndiyo kuganda kwenyewe. Unga wa kopo umekatwakatwa kiwandani vipande vifupi mno, havina urefu wa kushikana na kitu chochote. Watengenezaji hawafichi: kwenye lebo wameandika kwamba imevunjwavunjwa ili iyeyuke kirahisi. Kwa kweli inayeyuka vizuri, haina mabonge, haina harufu, na kwenye uji huionji. Kwa hilo naupa unga sifa yake.

Lakini hata hayo makongoro, ukiyala, tumbo linayakata kama linavyokata maharage: asidi amino na vipande vidogo vidogo. Baadhi ya vipande hivyo vya kolajeni hupatikana kwenye damu saa chache baadaye, hilo ni kweli. Zipo tafiti zilizoona ngozi ikipata unyevu kidogo zaidi baada ya wiki kadhaa, nyingi zikiwa zimelipiwa na wauzaji. Ila hakuna kipande chenye anwani ya bega langu. Mwili unavitumia unakotaka, na fibroblasti anatandika kolajeni kwa kadiri anavyoamrishwa, hata kama bohari limejaa.

Kitu ambacho kweli ukikikosa kolajeni inaharibika ni vitamini C. Bila hiyo nyuzi tatu hazishikani sawasawa. Mabaharia wa zamani walilijua hilo kwa miili yao: fizi zilioza, na makovu ya miaka mingi yalifunguka upya, kwa sababu hata kovu la zamani linaendelea kufumwa na kufumuliwa maisha yote. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 wawili wawili, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Pale soko la Mbuyuni chungwa ni bei ya kuokota. Mapera ya Kibosho hata hatuyanunui.

Haya, vipimo. Kwa kuwa nina makovu mawili, niliamua kuyatenganisha. Unga, kama unafanya kazi, unapita kwenye damu, kwa hiyo ungefika yote mawili. Plasta niliibandika begani tu. Kila Jumamosi nilipiga picha nimesimama dirishani, nikapima kwa kalipa ya kazini. Bega lilianza na kimo cha milimita 5, siku ya 90 lilikuwa 3, na rangi imetulia. Kifua kilianza na urefu wa milimita 31, kikaishia 34. Yaani kovu lililopata unga peke yake limeendelea kukua. Mimi ni mtu mmoja, na kifua kinajulikana kwa ukaidi kuliko bega, kwa hiyo msilichukue hili kama utafiti. Lakini kama unga ungekuwa "unajenga upya kutoka ndani", ningeona dalili yoyote kifuani, na sikuiona.

Plasta yenyewe ni karatasi laini inayopitisha mwanga, ya ukubwa wa kiganja, upande mmoja unanata. Unaikata kwa mkasi kufuata umbo la kovu, unaacha nusu sentimita pembeni, unabandika. Haina dawa ndani. Kazi yake ni kuzuia ngozi ya juu isipoteze maji, na ngozi isipojiona imekauka, ishara za kuwaita wajenzi zinapungua. Hospitali zimekuwa zikitumia silikoni kwenye makovu ya moto tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuwasha kulipungua wiki ya pili, na kwa mtu aliyekuwa anaamka usiku kujikuna, hilo peke yake lilitosha kuwa thamani ya pesa.

Lawama yangu iko kwa aliyeniuzia plasta. Alinipa mfuko wa nailoni na chenji, basi. Hakuniambia nianze kwa saa chache. Hakuniambia niivue na kuiosha kila siku, na kwamba nisipake mafuta chini yake. Nilibandika siku nzima mwezi wa Novemba, jua la Moshi mnalijua, jasho likajikusanya, nikatoka upele mdogomdogo kama wa mtoto. Nikakaa siku nne bila plasta. Basi utaratibu ninaoufuata sasa ni huu: ngozi iliyofunga kabisa, kamwe si kidonda kibichi. Siku mbili za kwanza muda wa saa nne tu kwa siku, halafu unaongeza mpaka saa 12 kwa siku au zaidi. Mimi huibandika jioni nikishaoga na kuitoa asubuhi nikiwa najiandaa, na siku za mapumziko naiacha mchana. Naiosha kwa sabuni ya maji isiyo kali, naikausha hewani juu ya sahani safi, siifuti kwa taulo maana inazoa nyuzi. Kipande kimoja kinanitosha wiki tatu kabla ya kuacha kunata. Vumbi la kupanda bodaboda ndilo adui wake mkubwa. Na uvumilivu unahitajika: miezi miwili mitatu ndiyo mwanzo tu.

La kifuani nimelipeleka kwa daktari wa ngozi. Hapa Moshi tumebarikiwa, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC kipo tangu 1992, na madaktari wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma kwetu. Watu wa mji huu hatuna sababu ya kukimbilia vipodozi kabla ya kufika huko. Nimeanza sindano za steroidi ndani ya kovu, kila baada ya wiki nne hadi sita. Sindano inauma, nisiwadanganye. Keloidi ni ngumu na dawa inaingia kwa kusukumwa, nilishika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipouliza kuhusu kuikata, daktari alinikumbusha nilichokuwa nakijua: keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine mara nyingi hurudi, na hurudi kubwa zaidi, kwa sababu umewaita wajenzi wale wale kwenye kidonda kipya.

Jina la keloidi lina hadithi. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, mwanzoni mwa miaka ya 1800, aliliona linavyotoa miguu pembeni akalipa jina linalofanana na la saratani, kisha akalibadilisha ili watu wasichanganye, akatumia neno la Kigiriki la gando la kaa. Nasi Waswahili tunasema saratani, neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo, kaa. Magonjwa mawili, mnyama mmoja. Keloidi si saratani, haisambai kwenda mapafuni wala kwenye ini. Lakini aliyeviona vyote viwili kwenye kioo anajua kwamba jirani zao ni wale wale, na hapo ndipo habari ya mama mdogo inapoingia. Naiandika kwa ruhusa yake.

Desemba iliyopita nilibeba kopo langu Kibosho. Asubuhi ya pili mama mdogo aliniona nakoroga uji.

"Mwanangu, na wewe unatumia? Mimi niko kopo la tatu."

"Unatumia kwa ajili ya nini, mama?"

Akanishika mkono, akanipeleka chumbani, akafunga mlango. Titi la kulia, upande wa juu karibu na kwapa. Alinyanyua blauzi, akaniwekea vidole vyangu mwenyewe. Lilikuwa gumu kama kokoto, halitelezi chini ya kidole, na ngozi ya juu ilikuwa imevutwa ndani kidogo. Alilisikia wakati wa Pasaka. Muuzaji mmoja, si wa duka langu, alimwambia kolajeni inalainisha uvimbe. Miezi minane alikuwa anasubiri lilainike.

Ule ugumu aliousikia kwa vidole ndio kolajeni yenyewe. Saratani nyingi za titi husikika ngumu kwa sababu hiyo: seli za saratani zinawaita fibroblasti wa jirani, nao wanatandika kolajeni nene, wanaifunga kwa vifungo, nyuzi zinanyooka na kukakamaa kuzunguka uvimbe. Nyuzi zilizonyooka zinageuka njia ambazo seli mbaya hutembea juu yake. Mwaka 1986 Harold Dvorak, mwanapatholojia wa Boston, alieleza kwamba uvimbe wa saratani ni kama kidonda kisichopona: damu inavuja, fibrini inaganda, mafundi wanaitwa, mirunda inasimamishwa, na kazi haiishi. Naikubali kauli yake kila ninapoweka slaidi mbili pembeni, ya kidonda cha wiki ya pili na ya saratani.

Kuna jaribio la kuku ambalo sijaacha kulifikiria tangu nilisome chuoni. Peyton Rous mwaka 1911 alionyesha kwamba kuna kirusi kinacholeta saratani kwa kuku. Miaka ya 1980 kundi la Mina Bissell huko California lilimdunga kuku kirusi hicho kwenye bawa moja. Uvimbe ulitokea hapo hapo, ingawa kirusi kilikuwa kinazunguka mwilini mzima. Wakajeruhi bawa la pili, na uvimbe ukatokea kwenye jeraha. Na kirusi hicho hicho kikiwekwa ndani ya kifaranga ambaye bado yumo kwenye yai, uvimbe haukutokea. Seli mbaya peke yake haikutosha, mtaa wake nao ulikuwa na kauli.

Lakini msidhani basi dawa ni kuyeyusha kolajeni yote. Mwaka 2014 watafiti waliwaondoa wale mafundi wanaotandika kolajeni kwenye saratani ya kongosho ya panya, wakitarajia panya wapone, na panya wakafa mapema zaidi. Ukuta ule ule unaoipa saratani njia, mahali pengine unaizuia. Kwa hiyo mtu akiwaambia ana unga unaolainisha uvimbe, muulizeni unalainisha ukuta upi.

Januari nilimpeleka mama mdogo hospitalini mwenyewe. Akachukuliwa nyama ya kupimwa kwa sindano nene, vipande vinne vyembamba kama njiti za kiberiti. Sikukata mimi, niliomba mwenzangu akate, mikono yangu isingetulia. Kwenye kioo, jambo la kwanza tunalotafuta ni utando mwembamba unaozunguka vijifereji vya maziwa, wenye kolajeni ya aina ya 4 na laminini. Seli mbaya zikiwa bado ndani ya utando, zimefungiwa. Zikishautoboa, zimetoka nje na kuingia kwenye ile waridi, na mchezo umebadilika. Zake zilikuwa zimetoka.

Siwezi kusema unga ulimlisha ugonjwa, na sisemi. Ulimlia miezi minane, hilo ndilo ninalosema.

Jambo jingine kwa wenye makovu ya moto ya zamani, hasa walioungua utotoni: kovu likifunguka baada ya miaka likawa kidonda kisichofunga, linatoa harufu au nyama inachipua pembeni, nendeni likatolewe kipande cha nyama kipimwe. Saratani inaweza kuota kwenye kovu la moto baada ya miongo. Inaitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la Mfaransa aliyeeleza vidonda vya aina hii mwaka 1828. Huwa tunaipokea maabara, na mara nyingi karatasi ya maombi imeandikwa kwamba mgonjwa alikuwa anapaka majani au krimu mwaka mzima.

Basi nyota. Unga wa kolajeni kwa kovu: moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa kuyeyuka vizuri na kwa binti aliyenipa kiti. Kwa anayetaka protini ya kuongeza kwenye uji hauna ubaya, ila dagaa wanampa kwa bei ndogo. Wanaofunga Ramadhani na wengine wasome lebo, maana kuna kolajeni ya ng'ombe, ya samaki na ya nguruwe, na makopo yanafanana. Plasta ya silikoni: nne. Moja nimeinyima kwa bei na kwa muuzaji asiyeeleza.

Mama mdogo ameshapata dozi ya kwanza ya dawa, na ya pili ni wiki ijayo. Alikuwa amebaki na kopo moja halijafunguliwa, lenye chapa ile ile ninayoinunua Mbuyuni. Nililipeleka kwa yule binti, nikamweleza mambo yote haya taratibu, tukiwa tumekaa, nikamwomba neno "uvimbe" aliache kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili matatu, akalipokea kopo ingawa hakuwa ameliuza yeye, akanirudishia 80,000. Hiyo ndiyo nauli ya mama mdogo ya kwenda na kurudi kliniki mpaka Aprili.